Stata Nzito: Namna ya Kuijua Kazi Safi ya Fundi Umeme

Katika gari la zamani hakuna kifaa kinachosingiziwa kama stata. Injini ikizunguka kwa kujiburuza asubuhi, au ukigeuza ufunguo ukasikia "tak!" moja kisha kimya, hukumu hutolewa boneti likiwa bado limefungwa: stata imekufa. Inafunguliwa, inapelekwa gereji, inarudi jioni imepakwa rangi ya fedha, na wiki mbili baadaye majirani wanaitwa tena kusukuma. Mwenye gari analalamika kwamba spea za siku hizi ni feki. Fundi anakubaliana naye upesi, maana kauli hiyo inamwokoa.

Ninamwandikia mwenye gari, hasa mwenye Corolla ya miaka ya tisini, Hilux aliyoachiwa na mzee wake, au Land Rover 109 ambayo bado inabeba magunia shambani. Sitarajii aifungue stata yake mwenyewe. Nataka ajue kuitazama kazi ya fundi na kuipima, kama mtu anayejua mbao anavyoutazama mlango kabla ya kulipa. Kipimo cha kwanza nakitoa mapema: fundi mzuri huwa wa mwisho kuilaumu stata.

Stata ni mota iliyoundwa kufanya kazi ngumu kwa sekunde chache kisha ipumzike. Ya Corolla ya petroli huwa na nguvu ya kilowati moja au zaidi kidogo. Ya Land Cruiser ya dizeli hufika kilowati mbili na kupita. Kwa kuwa betri ni ya volti 12, nguvu hiyo haipatikani ila kwa mkondo mkubwa: ampea 100 hadi 200 kwa injini ndogo ya petroli, 300 au zaidi kwa dizeli. Taa kubwa za mbele, zote mbili pamoja, hutumia kama ampea 10 tu. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Mtu anawasha taa, anaziona zinang'aa, anatangaza kwamba betri ni nzima na waya ni mzima. Kumbe waya unaopitisha ampea 10 bila taabu unaweza kushindwa kabisa kupitisha 150.

Kuwasha injini kwa mota ya umeme kulianza kuwa jambo la kawaida na Cadillac ya mwaka 1912, kutokana na kazi ya Mmarekani Charles Kettering. Kabla ya hapo dereva alizungusha injini kwa mkono, kwa hendeli. Land Rover za zamani ziliendelea kuja na tundu la hendeli miaka mingi baadaye, na wazee waliozitumia wanakumbuka sharti la kuweka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, kwa sababu injini ikipiga kinyume hendeli hurudi kwa nguvu ya kuvunja mkono. Naikumbusha hendeli kwa sababu nayo ilikuwa kipimo: aliyeizungusha alijua kwa mkono wake kama injini ni nzito au nyepesi. Ilipoondoka, uzito wa injini ukaanza kuhesabiwa kuwa udhaifu wa stata.

Kazi safi huanza na sikio. Ukigeuza ufunguo ukasikia mfululizo wa haraka, tak-tak-tak-tak, solenoidi, swichi ya sumaku iliyo kwenye stata, inavuta na kuachia kwa sababu volti zinaporomoka kila mota inapojaribu kula umeme. Hapo mshukiwa ni betri au kiungo kilicholegea. "Tak!" moja yenye nguvu kisha kimya ni habari nyingine: solenoidi imevuta vizuri, lakini mara nyingi umeme haujavuka kwenda kwenye mota. Mlio mzito wa kujiburuza unasema ama nguvu ni ndogo ama mzigo ni mkubwa. Mota ikizunguka kwa kasi huku injini ikiwa imetulia tuli, bendiksi, ile gia ya stata inayoruka kushika injini, inateleza. Na ukisikia chuma kikisaga chuma, meno ya flaiwili au ya bendiksi yameliwa. Usiendelee kujaribu, kila jaribio linaongeza gharama.

Kuna jaribio la zamani lisilohitaji kifaa chochote. Washa taa kubwa, elekeza gari ukutani, kisha piga stata. Taa zikizimika karibu kabisa, betri imechoka au kuna kitu kinavuta mkondo kupita kiasi. Zikififia kidogo na injini ikazunguka, ndivyo inavyotakiwa. Zikibaki ziking'aa kama hakuna kilichotokea, na injini haizunguki, basi umeme haufiki kwenye mota kabisa. Fundi anayefanya jaribio hili kabla ya kugusa spana tayari ameanza kustahili malipo yake. Akiongeza swali, "Inafanya hivi ikiwa baridi au ikishapata moto?", ujue umempata mtu. Stata nzito ya asubuhi tu, kule Njombe au Limuru kwenye baridi, mara nyingi ni betri au oili nzito mno. Stata nzito ya mchana tu, baada ya safari ndefu, ina washukiwa wengine kabisa, na nitawafikia.

Betri isitupotezee muda. Iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu, 12.0 ni kama robo. Usihukumu stata kwa betri iliyo nusu. Ichajiwe kwanza, kisha mita ibaki kwenye nguzo zake wakati stata inapigwa. Ikiporomoka chini ya volti 9.6, ama betri haina tena uwezo hata kama imejaa chaji, ama mzigo umezidi. Joto la pwani huchosha betri mapema, kwa hiyo betri inayotumika Dar es Salaam au Mombasa isitarajiwe kuishi kama ya Arusha.

Sasa njoo kwenye waya, maana hapa ndipo ufundi wa kweli unapoonekana, na ndipo wengi wanapoparuka.

Umeme wa stata una safari mbili. Ya kwenda hutoka kwenye nguzo chanya ya betri kwa waya mnene hadi kwenye bolti ya stata. Ya kurudi hutoka kwenye bodi ya stata, ikapita kwenye injini, ikafuata waya wa ethi hadi nguzo hasi. Fundi mvivu huzitazama nyaya kwa macho, akizikuta safi anasonga mbele. Fundi mzuri huzipima zikiwa kazini. Anazuia injini isiwake, kwa kuchomoa waya wa koili au fyuzi ya mafuta, anahakikisha gia iko huru na breki ya mkono imevutwa, kisha anaweka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya betri yenyewe na nyingine kwenye bolti ya stata, na kumwomba mtu apige stata kwa sekunde chache. Namba inayotokea ni volti zilizopotea njiani. Upande wa chanya zisizidi nusu volti. Kisha anapima upande wa ethi, kutoka nguzo hasi hadi kwenye bodi ya stata. Hapo ikizidi volti 0.2 au 0.3 kuna tatizo.

Angalia ncha ya mita inawekwa wapi. Lazima iguse nguzo ya risasi iliyo juu ya betri, isiguse temino iliyobana nguzo hiyo, kwa sababu mara nyingi ugonjwa uko kati ya hivyo viwili: utando mweusi usioonekana mpaka temino ivuliwe. Ukimwona fundi anahamisha ncha kutoka nguzo kwenda temino, kutoka temino kwenda kichwa cha waya, akisaka ni hatua ipi inayokula volti, mwache afanye kazi yake kwa utulivu. Huyo anajua.

Mbona kipimo kidogo namna hiyo kina uzito? Fanya hesabu. Ukinzani wa sehemu moja tu ya mia ya ohmu, ambao mita ya kawaida haiwezi hata kuusoma kwa uhakika waya ukiwa umetulia, hupoteza volti 1.5 pale ampea 150 zinapopita. Viungo viwili vya namna hiyo ni volti 3, na mota iliyokusudiwa kupata kumi na kitu inabaki na saba au nane. Itazunguka kwa kujiburuza, na kila anayeisikia ataapa kwamba imekufa. Ndiyo maana kupima waya kwa ohmu, au kwa taa ya kupimia, hakutoshi hapa. Taa itawaka hata kama waya umebaki na nyuzi tatu.

Ukanda wa pwani una ugonjwa wake. Hewa ya chumvi ya Tanga, Unguja na Mombasa huingia ndani ya ganda la waya na kuigeuza shaba kuwa unga wa kijani, huku nje waya unaonekana mzima. Ukiukunja karibu na kichwa chake unasikia mchakarisho. Waya wa namna hiyo haufufuliwi kwa kusafisha ncha, unabadilishwa wote. Na ethi ndiyo inayoonewa zaidi, kwa sababu hakuna anayeikumbuka. Gari likinyoshwa bodi na kupigwa rangi, waya wa ethi hurudishwa juu ya rangi mpya. Injini ikifanyiwa matengenezo makubwa, ule ukanda unaounganisha injini na chesi hubaki kwenye ndoo ya nati zilizobaki. Umeme ukikosa njia yake hutafuta nyingine: kebo ya mafuta au ya gia inapata moto, wakati mwingine mpaka plastiki yake inayeyuka. Ukiona kebo hizo zimeungua bila sababu, usiende dukani kununua stata.

Waya mpya nao uchunguzwe. Madukani kuna nyaya za aluminiamu zilizopakwa shaba kwa juu. Kwaruza ncha kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, umeuziwa aluminiamu. Aluminiamu huzuia umeme karibu mara 1.6 kuliko shaba ya unene uleule, na kwa kazi ya stata tofauti hiyo ni kubwa. Ulaghai wa pili ni unene wenyewe. Ganda linaweza kuwa nene na shaba ya ndani nyembamba. Omba uone ncha iliyokatwa.

Mpaka hapa hakuna nati ya stata iliyofunguliwa. Kuna kipimo kimoja zaidi, na fundi mwenye kifaa chake anaweza kukifanya kwa dakika moja: mita ya kubana waya, ile yenye mdomo kama koleo, ambayo lazima iwe ya umeme wa betri na si ya umeme wa nyumbani pekee. Inabana waya wa stata na kusoma ampea wakati injini inazungushwa. Injini ikizunguka polepole huku ampea zikiwa chache, kuna kizuizi njiani au ndani: kiungo kibovu, brashi zilizoisha, kontakti zilizoliwa. Ikizunguka polepole huku ampea zikiwa nyingi mno, mota inapambana na mzigo au ina shoti ndani. Ukimkuta fundi anayeijua tofauti ya hali hizo mbili, nusu ya upimaji imeshakamilika. Mota ya stata huvuta mkondo mkubwa zaidi pale inapokwama na hupunguza kadiri inavyoongeza kasi, kwa hiyo mkondo mkubwa mara nyingi ni kilio cha mota iliyofungwa mikono.

Mzigo wenyewe hutoka wapi? Zungusha injini kwa spana kwenye nati ya puli ya mbele, gari likiwa limezimwa. Ikigoma, shuku injini yenyewe, alteneta iliyokwama, au oili iliyo nzito kupita kiasi. Magari yenye distribyuta yana kesi nyingine: taiming ikisogezwa mbele mno, cheche hupiga mapema mno kabla pistoni haijafika juu, na injini ikiwa moto hupiga teke dhidi ya stata. Unasikia inazunguka, inasita, inazunguka. Mafundi wengi wa siku hizi hawakuwahi kugusa distribyuta na hawafikirii jambo hili kabisa. Kwenye Peugeot 504 au Datsun ya zamani, liulize.

Vipimo vyote vikiwa salama na stata bado ni nzito, sasa ifunguliwe. Waya hasi wa betri uvuliwe kwanza. Fundi anayeanza na bolti ya stata huku betri imeunganishwa, spana yake ikigusa chesi, utaona mwenyewe cheche zake. Ukimwona anaelekea huko, mwambie kwa upole, "Fundi, tutoe temino kwanza." Atakachojibu ni kipimo kingine cha tabia yake.

Stata ikiwa mezani, brashi ndizo za kwanza kutazamwa. Hivi ni vipande vya kaboni vilivyochanganywa na shaba vinavyopeleka umeme kwenye amecha, sehemu ya mota inayozunguka. Za Toyota nyingi za zamani zikiwa mpya huwa na urefu wa milimita 13 hadi 15 na kitu. Zikifika kama 9 zinakaribia mwisho wake, kwa sababu springi haina tena nguvu ya kuzibana vizuri. Zile hadithi za utingo anayeingia chini ya lori na kugonga stata kwa nyundo mpaka liwake zina ukweli ndani yake: kugonga huitikisa brashi iliyokwama ikagusa tena. Inasaidia leo, kesho brashi ni fupi zaidi. Na tahadhari: stata za baadaye zina sumaku za kudumu zilizogandishwa ndani kwa gundi, na nyundo huzivunja. Kilichokuwa maarifa kwenye lori la Bedford ni uharibifu kwenye gari la mwaka 2000.

Komuteta, yaani ile sehemu ya mviringo ya vipande vya shaba ambako brashi hukaa, ndiyo uso wa stata, na mjuzi husoma pale muda mrefu. Rangi ya hudhurungi iliyolingana ni afya. Vipande viwili vinavyokaribiana vikiwa vimeungua na kuwa vyeusi, huku vingine vikiwa safi, waya wa amecha umekatika mahali hapo. Matone madogo ya risasi yaliyorukia kwenye kuta za ndani yanasema amecha iliwahi kupata moto mkali mpaka viungo vyake vikayeyuka, mara nyingi kwa dereva aliyeshikilia ufunguo nusu dakika. Komuteta iliyochimbika hukerezwa kwenye mashine ya kukereza, kidogo tu. Nyingi za Toyota hizi zilikuwa na kipenyo cha milimita 30 na mwisho wake ni 29. Anayeisugua kwa mkono akiizungusha kwenye goti ataiacha na umbo la yai. Akitumia msasa, uwe laini na wa mbao, usiwe emeri, kwa sababu chembe za emeri huganda kwenye shaba na kula brashi mpya.

Kati ya vipande vya shaba kuna mika, kizuia umeme. Hapa pana jambo linalotenganisha fundi aliyesoma na aliyeiga. Kwenye stata za Nippondenso, zilizofungwa kwenye Toyota nyingi, mika hukatwa iwe chini ya shaba kwa milimita 0.5 hadi 0.8. Kwenye stata za Lucas za Land Rover za zamani, maelekezo ya mtengenezaji yalikataza kabisa kuikata. Mtu anayezifanyia zote kitu kilekile, kwa sababu "ndivyo inavyofanywa," ataharibu mojawapo. Mpe stata ya Lucas umuulize kama atakata mika. Ni mtihani mfupi na wa haki.

Bushi nazo zina siri. Ni vibomba vya shaba nyeusi vinavyoshika ncha za mhimili wa amecha, na zimetengenezwa zikiwa na vitundu vidogo vinavyobeba oili. Zikichakaa, amecha inalegea na kugusa vyuma vya sumaku vilivyoizunguka. Ukiitazama utaona mistari inayong'aa ubavuni mwake. Hapa ndipo penye washukiwa wa stata nzito ya mchana: vyuma vikipata moto hutanuka, amecha inakwaruza zaidi, mota inapambana na mwili wake wenyewe. Bushi mpya ilowekwe kwenye oili ya injini kabla ya kupachikwa, utaratibu wa Lucas ulikuwa saa 24, na baada ya kupachikwa isitobolewe upya kwa kuipanua, maana vile vitundu huzibwa. Fundi anayeigonga bushi kavu kwa nyundo na kuipaka grisi juu atakurudishia stata inayopiga vizuri kwa miezi michache. Stata za Nippondenso zenye gia ya kupunguza mwendo hutumia beringi badala yake. Hizo ni rahisi, zinabadilishwa tu.

Bendiksi isioshwe kwa petroli. Ndani yake kuna klachi ya upande mmoja iliyofungwa na grisi yake ya kudumu; petroli huiondoa, na hakuna namna ya kuirudisha. Ishike mkononi uizungushe: upande mmoja ikamate, mwingine iteleze bila kelele. Ikifanya yote mawili sawasawa, ifutwe kwa kitambaa na ipakwe grisi kidogo kwenye mhimili wake. Basi.

Nimeacha kontakti hadi mwisho kwa makusudi, kwa sababu zinastahili. Ndani ya solenoidi za Nippondenso, zile zilizofungwa kwenye Corolla, Hilux na Land Cruiser nyingi za miaka ya themanini na tisini, kuna vipande viwili vya shaba na plunja inayoviunganisha. Kila unapopiga stata cheche hula kidogo ya shaba hiyo, na upande wa betri huliwa zaidi. Siku inafika plunja inapiga "tak!" safi kabisa na haigusi. Mota ni nzima, brashi zina urefu, betri imejaa, na gari halizunguki. Kubadilisha vipande hivyo viwili, na plunja ikiwa uso wake umechimbika, ni kazi ya muda mfupi na gharama ndogo, na stata hurudi kwa miaka. Ni aibu ya ufundi kwamba stata nyingi za aina hii hutupwa kwenye rundo la vyuma chakavu kwa kosa hilo. Ukisikia "tak!" moja kwenye Toyota ya umri huo na ukaambiwa ununue stata nzima, omba kwanza kifuniko cha solenoidi kifunguliwe mbele yako. Ni bolti tatu.

Kuhusu kusuka amecha upya, niseme wazi msimamo wangu. Amecha ya stata imefumwa kwa vipande vinene vya shaba, tofauti na mota ya pampu au feni inayosukwa kwa waya mwembamba, na kazi hiyo haifanyiki vizuri kwenye benchi la kila fundi. Akikuambia ataisuka, muulize aliyoisuka mara ya mwisho iko wapi. Kwanza lakini aithibitishe kuwa mbovu. Kwa mita, kipande chochote cha komuteta kisiwe na njia ya umeme hadi kwenye mhimili. Kwa shoti za ndani kuna grola, sumaku ya umeme yenye mdomo wa V ambapo amecha hulazwa na kipande cha msumeno wa chuma hupitishwa juu yake. Kikitetemeka mahali, kuna shoti hapo. Gereji yenye grola inayofanya kazi si gereji ya kubahatisha.

Kabla stata haijarudi kwenye gari, ijaribiwe kwenye jiliwa. Ikibanwa imara na kupewa umeme wa betri kwa waya mnene, bendiksi iruke mbele kwa mdundo mmoja, mota izunguke kwa sauti laini isiyopanda na kushuka, na ikiachiwa irudi mara moja. Kwa Nippondenso yenye gia, ikizunguka bila mzigo kwa volti 11.5 isivute zaidi ya ampea 90. Jaribio hili lisizidi sekunde chache, maana koili za solenoidi huungua. Cheche kidogo kwenye brashi mpya ni kawaida. Cheche zinazozunguka komuteta yote si kawaida.

Wanaonunua nyingine badala ya kutengeneza wana njia tatu, na zote zina wajuzi wake Kirinyaga Road Nairobi, Kariakoo Dar es Salaam na soko la Kisekka Kampala. Mpya ya bei ndogo mara nyingi ni nyepesi mkononi kuliko ya asili, na wepesi huo ni shaba iliyopungua. Iliyokarabatiwa huuzwa kwa rangi. Mwombe muuzaji atoe kifuniko cha nyuma uone brashi, na akikataa, muage. Iliyotumika iliyotoka Japani au kwenye maghala ya Sharjah mimi ndiyo ninayoipendelea, ilimradi izungushwe kwa mkono na isichezecheze kwenye mhimili. Soma na maandishi yake: kampuni iliyokuwa Nippondenso ilibadili jina kuwa Denso mwaka 1996, kwa hiyo stata "mpya kabisa" yenye jina la zamani inahitaji maelezo mazuri. Soma pia volti. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizouzwa Japani zilikuwa na mfumo wa volti 24, na stata zake hufika sokoni kwetu zikiwa zimechanganywa na za volti 12. Ya 24 ikifungwa kwenye betri moja itazunguka, kwa unyonge, na utaanza kuilaumu betri.

Siku ya kuchukua gari, usikubali kulijaribu likiwa baridi tu. Liendeshe mpaka lipate moto, lizime, subiri dakika kumi, piga stata. Rudia. Omba brashi, bushi na kontakti za zamani mkononi. Fundi aliyezibadilisha hana sababu ya kuzificha. Muulize volti zilizopotea kwenye waya zilikuwa ngapi kabla na ngapi baada. Akiwa na namba hizo kichwani au kwenye karatasi, rudi kwake na gari linalofuata.

Na kama unachagua leo, hukumu yangu ni hii: Nippondenso ya zamani iliyobadilishwa kontakti, brashi na beringi, ikafungwa kwa waya wa shaba tupu na ethi iliyosafishwa hadi kwenye chuma, inaishinda stata mpya ya bei rahisi kila siku. Fundi anayeweza kuifanya kazi hiyo mbele ya macho yako, usimpunguzie bei.